Ajali za visu vya kupogoa

Leo msichana wa chuo kikuu ameniambia miaka ya tisini kambi yetu ya chai huku Kimulot ilikuwa na amani.

Amesoma rejista ya dispensari. Mwandiko ni wangu, nilikuwa karani pale.

"Mzee, shida yenu ilikuwa visu vya kupogoa chai tu. Watu walijikata sana."



Sisi tuliotoka upande wa ziwa tulikatwa kwa panga, tukiambiwa turudi kwetu. Mtu anafika akivuja damu, namuuliza niandike nini.

"Andika kisu cha kupogoa. Aliyenikata ni jirani, na nitarudi kulala hapo hapo."

Naandika. Hata miezi ambayo hakuna anayepogoa.

Nimemweleza yote. Akauliza, kwa heshima kabisa, kama kuna mahali yameandikwa.

Hakuna. Aliyepaswa kuyaandika ni mimi.

Jamani, wenzangu wa kambi, kama bado mko hai semeni hapo chini. Naanza mimi: mkono wangu wa kushoto haukukatwa na kisu cha kupogoa. Uongo huo niliuandika mwenyewe, kwa huu wa kulia.