Gari Tupu Linadanganya

Asylkan hatamki neno "chuma", na bado ni fundi wa magari. Shemeji yake mkubwa anaitwa Temirkul, na jina hilo lina chuma ndani yake, maana katika lugha yetu "temir" ni chuma. Huku kwetu Kara-Balta mwanamke hatamki jina la kaka mkubwa wa mumewe hata akikanyagwa. Basi yeye husema "kile kigumu". Nipe kile kigumu, kile kigumu kimeota kutu. Wateja walicheka mpaka wakazoea.

Kazi yake ni taa. Ufundi alirithi kwa baba yake, na mumewe alipokwenda Urusi kujenga maghorofa, akafungua gereji uani, kwenye uwanja wa ukoo ambao mwenye kauli ni Temirkul. Ana miiko yake huyu mama. Taa zilizotengenezwa kwa barabara za Japani hafungi, ng'o, maana hutupa mwanga kushoto, na huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kushoto ndiko wanakotokea wenzako. Betri huichomoa kwanza. Taa kubwa huzipa waya zao na fyuzi yao, hazipachiki juu ya waya za zamani zikaja kuungua. Globu haishiki kioo kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya mkono huipasua ikishapata moto. Mwisho kuna ukuta wenye mistari myekundu, na gari halitoki getini mpaka mwanga ukae chini ya mstari wake.

Vuli ile Temirkul alikuwa anaongoza msafara wa ukoo kuvuka mlima wa Töö-Ashuu kwenda kwa wakwe wapya, kule Talas. Si jambo dogo hilo. Mwenye gari la mbele ndiye uso wa ukoo. Akaleta taa mpya, za kung'aa kwelikweli. Asylkan akazifunga, jioni ikaingia, akazielekeza ukutani, zikakaa sawa. Temirkul akanyoosha mkono apewe funguo.

"Bado, Kaka Mkubwa," Asylkan akasema, macho chini. "Mlete kondoo."

"Kondoo gani?"

"Wa wakwe. Na magunia ya unga. Na Mama akae nyuma pamoja na shangazi. Gari lipakiwe kama litakavyokwenda."

Temirkul akacheka kwa pua. "Yaani mama yangu akae gereji na kondoo, majirani watazame?"

"Gari tupu linadanganya. Mkishapakia, nyuma inalala, pua inainuka. Taa zitaingia kwenye macho ya madereva wa malori, na kule juu hakuna pa kukwepea."

"Mlima huo nimeuvuka kabla hujaolewa. Lete funguo. Ukiendelea na ubishi, uwanja huu nautia ng'ombe."

Gereji ndiyo ilikuwa kitu pekee ambacho Asylkan aliweza kukiita chake katika nyumba ile. Angempa tu funguo, mambo yakaisha. Akazitia mfukoni mwa ovaroli.

"Utie ng'ombe, Kaka Mkubwa. Lakini taa nilizofunga mimi hazitoki hapa hivi."

Temirkul akaurudisha mkono. Hakuzoea kujibiwa, na huyu si wa kumjibu. "Haya," akasema. "Tupakie. Mwanga usiposogea, gereji imefungwa leo leo."

Wakapakia. Kondoo akasukumwa ndani ya buti akilalamika, magunia yakafuata, Mama akakaa nyuma kati ya shangazi wawili wanene wanaocheka kwa aibu. Asylkan akawasha taa. Mwanga ulikuwa umeruka mistari yote, umeruka na ukuta wenyewe, umeingia dirishani kwa jirani, na jirani akachungulia mkono ukiwa usoni.

"Nani huyo anataka kunipofusha?"

Temirkul alitazama ukuta, kisha dirisha. Asylkan akainama na bisibisi, akaushusha mwanga kidogo kidogo mpaka ukarudi chini ya mstari. Kisha akamkabidhi funguo kwa mikono miwili, na wala hakujitapa.

Waliporudi kutoka Talas, Temirkul hakuingia kwake kwanza. Alikuja gereji na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mfupa wa nyonga na nyama yake, sehemu anayopewa mkubwa wa wageni. Hakuwa ameionja.

"Mlima mzima nimepishana na malori," akasema, "hakuna hata moja lililoniwashia taa kunilaumu. Hii ni ya aliyeongoza msafara. Kula."

"Kaka Mkubwa, mimi sikwenda."

"Nimesema kula."

Asylkan alikula amesimama, mikono ina grisi, machozi yanamlengalenga kwa fahari. Temirkul akafungua geti lote, akasimama hapo mpaka Asylkan alipomaliza, majirani watazame.