Mlango wa Upande wa Malkia

Kila asubuhi, akitoka kuoga, mama mdogo hubisha hodi kwenye mlango wa chumba anacholala peke yake. Hugonga kwa kifundo cha kidole, husubiri kidogo, kisha huingia. Ni mazoea ya kazi: anasafisha vyumba vya hoteli, na huko hakuna mlango unaofunguliwa kabla ya kugongwa. Zamani baba mdogo alikuwa akimtania kwamba siku moja atalibishia hodi kabati. Siku hizi hamtanii, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa cha binti yao, aliyeugua na kufariki mwaka juzi. Usiku wa baada ya mazishi mama mdogo alilala humo, na mpaka leo hajarudi kwenye kitanda cha mumewe. Hawakugombana. Wanakula pamoja, wanaulizana habari za kazi, kisha kila mtu anaingia kwake.

Mwaka huu baba mdogo, ambaye ni fundi wa friji, alimshawishi wachukue likizo pamoja, waende mji mwingine kupumzika. Mimi hakunificha alichokuwa akikitaka: mkewe arudi chumbani. Alidhani ugenini mambo yangekuwa mepesi. Bahati mbaya chumba walichopewa kilikuwa na vitanda viwili. Asubuhi mama mdogo alitandika chake kabla msafishaji hajafika, akatandika na cha mumewe, kisha akakaa kitini akingoja kuambiwa wanakwenda wapi.

Walikwenda kutazama jumba la kifalme. Anachokumbuka mama mdogo huko ni vumbi juu ya fremu za picha na mapazia ambayo hajui wangeyafuaje. Baba mdogo alichungulia jiko, akasema utajiri wote ule na maji ya baridi walikuwa hawana. Mama mdogo alitabasamu, kama anavyowatabasamia wageni wa hoteli.

Ghorofani mwongozaji aliwaonyesha chumba cha mfalme, kisha cha malkia, na kati ya vyumba hivyo mlango mwembamba wa mbao. Alieleza kwamba ufunguo ulikuwa ukikaa upande wa malkia. Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alisema anataka kukiona tena chumba cha mfalme, akazunguka kupitia ukumbini. Mama mdogo alibaki upande wa malkia, mbele ya ule mlango uliofungwa. Mkono ukanyanyuka wenyewe, ukabisha.

"Ingia, mke wangu," baba mdogo aliitikia kutoka upande wa pili. "Niko peke yangu."

Sasa, kazini kwao ipo kanuni: ukibisha na mgeni akaitikia, huingii na ndoo zako. Unaomba radhi, unaondoka.

"Samahani," mama mdogo alisema. "Nitarudi baadaye."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu alicheka mpaka akashika ukuta, akasema huyu mama amemkatalia mfalme. Chumba kizima kikaangua kicheko. Baba mdogo aliporudi naye alikuwa akicheka, lakini kwenye basi alimwuliza mkewe, kwa sauti ya chini, hiyo baadaye ni lini. Mama mdogo alimwuliza kama maji ya kunywa yamebaki.

Kisa hiki amenisimulia baba mdogo mwenyewe, sebuleni kwao, akiigiza sauti zote mbili. Mama mdogo alikuwa akikunja mashuka. Hakumkatiza, ila alisema yule mzee hakuwa mzee kiasi hicho. Baba mdogo alipotoka kwenda kufunga geti, nilishika upande wa pili wa shuka, nikamwuliza swali moja tu: je, atarudi?

Alikutanisha pembe zake na zangu, akalilaza shuka mezani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Sijui, mwanangu. Hasira naye sina, na hamu pia sina. Ila siku nikirudi, nitabisha hodi."