Majina Kumi na Tisa ya Upande wa Mama

Ijumaa, tarehe kumi na moja, siku ya tatu tangu tumzike mama, nilipoteza majina kumi na tisa ya bibi zetu.

Mama alinitajia wiki moja kabla, amekaa juu ya robota la vitenge dukani kwangu Kariakoo. Kwetu kusini ukoo hufuatwa kwa mama, na alitaka siku ya arobaini yake wasomwe wote, waombewe. Niliwaandika kwenye simu, katika ukurasa wa programu ya kumbukumbu niliokuwa nikiujaza pamoja na kaka yangu aliyeko Tunduru. Yeye aliandika upande wa baba. Duka langu liko chini ya ghorofa, unaliingia kwa kushuka ngazi, mtandao unakuja na kuondoka. Nikaona neno "Imehifadhiwa", nikazima data kama tunavyofanya wote, kifurushi kisiishe bure.

Mama aliangalia simu akasema nina mwandiko mzuri kuliko wa shule. Tukacheka.

Msibani niliwasha data, nikafungua ukurasa ili kaka aone. Simu ikasema ukurasa wangu na wa kaka haulingani, ikaniuliza kama nibakize wa karibuni zaidi. Nikabonyeza ndiyo. Wa karibuni ulikuwa wa kaka, aliyerekebisha jina moja jana yake. Wangu ukafutika, na sikuwa nimeandika pengine. Kidole ni changu, sikatai.

Lakini niliwapigia wenye programu. Kijana wa huduma kwa wateja alinipa pole, akasema majina yangu hayakuwahi kuwafikia. Mbona iliandika imehifadhiwa? Akasema ilihifadhiwa kwenye simu tu.

"Programu haina tatizo, mama. Tatizo ni mtandao wa huko."

"Huko wapi? Si mko hapa hapa Dar?"

Akanishauri siku nyingine nihakikishe mtandao uko imara. Siku nyingine ipi? Mama nimemzika. Na kukatika kwa mtandao wanakujua, kwao pia unakatika. Walishindwa nini kuandika "bado haijafika"? Ningepanda ngazi hadi barabarani nikasubiri hata saa nzima.

Siku ya arobaini maalimu alisoma upande wa baba, taratibu, wote. Mama mdogo, aliyelelewa mbali na dada yake, akaniinamia.

"Na wa kwetu?"

"Nimewapoteza."

Akamtajia maalimu watatu aliowakumbuka. Akasita, akafikiri, akasema, "Na wenzao."

Maalimu akaanza Fatiha.