Ukucha wa Hashil

Hashil bin Ubeid, fundi wa bunduki pale mtaa wa Gerezani, alikuwa na hasira za karibu, na mteja wa kuchagua bunduki kwa macho tu alimpandisha mori.

Siku hiyo msasi Kibwana alileta bunduki mbili za Kijerumani zilizobaki baada ya vita, moja itengenezwe upya akawinde simba. Moja iling'aa, nyingine ilikuwa na kutu.

"Hii," akasema, akikumbatia inayong'aa. "Nitilie kitako cha mninga tu."

Hashil akaining'iniza kwa uzi, akaugonga mtutu kwa ukucha. Ukatoa sauti butu.

Kibwana akacheka. "Bwana fundi, kwani unanunua chungu Kariakoo?"

"Hebu nyamaza!"

Akaupaka mtutu mafuta ya taa, akaufuta ukakauka, akausugua chaki. Wakasubiri. Taratibu mafuta yaliyojificha ndani yakachora ufa mwembamba juu ya weupe wa chaki, karibu kabisa na mahali msasi anapolaza shavu.

Kibwana akajishika shavu. Akaitundika yenye kutu kwenye uzi, akaigonga kwa ukucha wake mwenyewe, akatega sikio. Ikalia ngeee, mlio mrefu.

"Haya," akasema Hashil, "sasa umejua kununua chungu."