Bega Lililokesha

Shangazi yangu ni mshona mapazia, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Zamani alikuwa anashona na kutundika mwenyewe. Siku moja ngazi ikateleza sebuleni kwa mteja, akaanguka, akavunjika mfupa begani, na tangu hapo mkono wa kulia haukupanda zaidi ya kifua. Mfupa uliunga vizuri, bega likagoma. Akaajiri mafundi wa kumtundikia, wakayaacha mapazia yamekwenda upande, wateja wakaanza kumkimbia. "Limeshika kutu," alisema, akaanza kutafuta mtu wa kumuuzia cherehani. Hapo nikaogopa. Shangazi bila cherehani simjui.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alipoletwa kutolewa vijiwe vya nyongo, niliomba niwepo. Nusukaputi ilipomkolea, daktari wa usingizi akaushika ule mkono kuunyoosha.

"Taratibu, dokta, huo haupandi," nikamwambia.

Akauinua kidogo kidogo. Ukapanda. Ukapita kifua, ukapita sikio, ukalala juu ya kichwa, mlaini kama wa mtoto aliyesinzia.

Mungu fundi! Kumbe hakukuwa na kutu yoyote. Misuli ilijikaza miaka yote hiyo ili asiumie tena, na hakuna aliyeiambia kwamba mfupa umepona. Alipozinduka tu, ikarudi kwenye zamu yake ya ulinzi.

Alipopata nafuu nikamweleza. Akanikata jicho.

"Kwa hiyo najidekeza?"

"Hapana, shangazi. Maumivu ni ya kweli. Ila bega halijui kwamba hatari imepita. Tulifundishe."

Alininunia mpaka jioni, kisha akaniita chumbani. Alikuwa amelala chali.

"Haya, muuguzi mwenye maneno mengi, nionyeshe."

Nikamwambia auinue mkono mgonjwa kwa ule mzima, akifika panapouma asishindane napo, atoe pumzi polepole, asubiri. Ulifika usawa wa kidevu, ukatetemeka. Akapumua. Nami nilijikuta nimebana pumzi yangu. Kisha ukalegea, ukasogea mbele ya macho yangu, mpaka vidole vikagusa nywele zake.

Akalia, yeye ambaye hata msibani huwanyamazisha wenzake. Alipotulia akaligeukia lile bega, akaliambia kwa heshima ambayo sijawahi kumsikia akimpa mtu:

"Pole na kazi, mwenzangu. Sasa pumzika."