Viinitete Kumi na Viwili vya Nguruwe wa Ejnar

Saa mbili kasoro asubuhi, Tove Kragelund ameinamia hadubini. Mbele yake kuna viinitete kumi na viwili vya nguruwe, vilivyotolewa kwenye baridi kali juzi. Anavihesabu mara mbili, kisha anaandika: kumi na kimoja vimekufa. Kimoja kinaendelea kugawanyika.

"Kimoja hakitoshi," anasema bila kuinua kichwa. "Nguruwe hashiki mimba ya kiinitete kimoja. Anataka vinne hivi."

Tove, 58, ni fundi katika maabara ya mifugo mjini Viborg kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Hugandisha viinitete ili mifugo adimu isitoweke. Vya ng'ombe havimsumbui. Vya nguruwe ndivyo vilivyomshinda, kwa sababu yai la nguruwe limejaa mafuta hata huonekana jeusi kama masizi. Baridi ikiingia, mafuta hayo hukakamaa mapema na kuharibu seli.

Miaka miwili iliyopita aliamua kuyatoa. Alizungusha viinitete kwenye mashine hadi mafuta yakajikusanya upande mmoja, akayafyonza yote kwa sindano nyembamba. Vikanusurika na baridi. Kwa furaha akampigia simu Ejnar Bundgaard wa kisiwa cha Mors, mwenye nguruwe wa madoa wa mwisho wa uzao wao, akamwambia wamefaulu. Vilipandikizwa ndani ya jike mwingine, na hakuna hata kimoja kilichofika wiki ya tatu.

"Kiinitete huyaunguza mafuta yale kupata nguvu siku za mwanzo," anasema. "Mimi nikavituma safari bila masurufu. Na nilikuwa nimeshamwahidi mzee wa watu."

Kinachomuumiza zaidi ni kwamba ili kupata viinitete, jike huchinjwa. Ejnar, 74, alikuwa na majike tisa. Wamebaki wanne, na dume mmoja aliyezeeka.

Saa nne anampigia. Anamweleza yote, pamoja na jambo dogo aliloligundua: kile kilicho hai ni kimoja kati ya viwili alivyovizungusha tu, mafuta yakasogea pembeni, bila kuyafyonza. Vile vingine kumi alivipunguzia mafuta nusu.

"Kwa hiyo kosa ni langu, nimewanenepesha mpaka mayai?" anauliza Ejnar.

Tove anacheka kidogo, kisha anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Anamwomba jike mmoja zaidi.

"Mchukue Signe," anasema Ejnar. "Lakini uje mwenyewe, Tove. Nimechoka kuwapandisha garini peke yangu."

Atakwenda Alhamisi. Safari hii hatatoa hata tone la mafuta. Atayasogeza tu, agandishe, asubiri. Akipata vinne vilivyo hai, atavipandikiza.

Asipovipata, anasema, hatamwomba Ejnar nguruwe mwingine. Watatu waliobaki wazeeke nyumbani kwao.