Baiskeli ya Ngowa yamnyima raha fundi mizani wa Kuze

Saa moja kasorobo asubuhi, Taib Bwanaheri anafungua kufuli la karakana yake katika mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Anaingiza baiskeli kwanza, anaiegemeza ukutani, ndipo naye anaingia na kuvua kofia ngumu kichwani.

Jasho bado linamtiririka. Ametoka kuzunguka kisiwa, kutoka kwake Kibokoni hadi Tudor, Makupa, kivukoni Likoni, kisha ufukweni Mama Ngina na kurudi mjini. Ana umri wa miaka sitini na mitatu.

Bila kupumzika anavuta kigoda, anapakata mizani ya muuza nyama mmoja wa soko la Marikiti na kuanza kufungua skrubu zilizoshika kutu. Kazi hii aliirithi kwa marehemu babake. Wauza nyama, samaki na viungo humletea mizani zilizoanza kupotoka, naye huzirudisha kwenye haki.

"Leo nina neno la kujibu kabla ya laasiri," anasema bila kuinua macho. "Na mpaka saa hii sijui nitajibu nini."

Neno lenyewe ni la baiskeli. Kuna mtu wa Nyali anayehama mji. Anauza baiskeli yake ya mbio, fremu ya kaboni, aliyoitumia miaka miwili tu. Anataka shilingi elfu tisini, na amempa Taib mpaka laasiri ya leo, kwani kuna mnunuzi mwingine anayengoja.

Kwa fundi anayepata shilingi elfu moja na mia mbili siku njema, na ambaye kazi zake zimepungua tangu mizani za umeme zilipojaa madukani, hizo si pesa kidogo. Lakini Taib anasema fedha si tatizo. Amekuwa akiweka kwa miaka minne, na mkewe anajua.

"Pesa ipo," anasema. "Ninachokitafuta ni sababu."

Baiskeli aliyoegemeza ukutani ni ya chuma, ya kijani, na aliinunua mwaka 1991 kwa mwalimu mmoja wa Tononoka. Ameibadilisha rimu mara tatu na cheni mara asizozikumbuka. Kwa baiskeli hiyo alishiriki mashindano ya mkoa mara tisa na kushinda mara mbili. Kikombe kimoja kiko kabatini nyumbani, cha pili binti yake Fadhiya hutilia penseli.

Katika mashindano hayo ndiko alikokutana na Ngowa Kavumbi, mwaka 1998. Ngowa, mzaliwa wa Kaloleni, alikuwa karani wa ghala bandarini na mkazi wa Tudor. Siku ile alimaliza wa kumi na tano. Taib alimpa maji, wakazungumza, wakakubaliana kuendesha pamoja.

Tangu hapo, kila Jumanne na Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, Taib alimpitia Ngowa Tudor wakavuka Daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi mpaka Mtwapa. Siku zote Taib alikuwa mbele, Ngowa nyuma yake. Mpando wa darajani ulipowaachanisha, Taib alitangulia ng'ambo, akashuka, akanywa maji na kumtazama mwenzake akija.

"Nilipenda sana kumsubiri," anakiri. "Nilijiona mtu mwema."

Mambo yalibadilika Januari mwaka jana. Ngowa alikuwa amestaafu miezi michache kabla. Jumamosi hiyo Taib alimkuta mbele ya nyumba yao ya ghorofa ameshika baiskeli nyeusi ya kaboni, nyembamba, mpya kabisa. Taib alimpongeza, akaishika usukani, akaisifu rangi. Kisha wakapanda.

Darajani Ngowa alimpita. Hakupiga kelele wala hakugeuka. Alipita tu, akaenda, na Taib alipofika ng'ambo alimkuta amesimama kando ya barabara, chupa ya maji mkononi.

"Alinisubiri," Taib anasema. Anaweka bisibisi chini. "Kunipita ningeweza kustahamili. Kunisubiri ndiko kulikonichoma."

Usiku huo hakula vizuri. Siku zilizofuata, barazani Kibokoni, alipoulizwa kuhusu baiskeli mpya ya rafiki yake alisema kaboni huvunjika kama sahani. Alisema pia kwamba si Ngowa anayekwenda mbio, ni chombo. Ukimpandisha hata mtoto, atakwenda.

Wiki ya tatu, Ngowa aliiacha baiskeli yake karakanani Kuze ili aende duka la dawa. Taib alirudisha mlango nusu, akaitundika kwenye mizani ya kuning'iniza ambayo wauza samaki hupimia jodari. Ilisoma kilo saba na robo tatu. Akaishusha, akatundika yake. Kilo kumi na mbili na nusu.

"Nilikaa pale nikautazama ule mshale," anasema. "Nilifurahi. Nilisema, basi, nimepata udhuru. Lakini furaha ile haikufika hata adhuhuri."

Wivu, anasimulia, ulimwingia kama homa ya vipindi. Jumatatu na Ijumaa aliomba mvua inyeshe kesho yake wasiende. Simu ya Ngowa ikilia, aliiacha ilie kidogo ndipo aipokee. Hata kusifiwa kwa Ngowa kwa jambo jingine kabisa, kwamba amekarabati nyumba ya mamake Kaloleni, kulimkera.

Mkewe, Mwanaesha, anayeshona kofia za mkono nyumbani, aliyaona hayo yote. Anasema mumewe alianza kuendesha kwa hasira na kurudi akilalamikia goti la kushoto. "Nilimwambia, Baba Fadhiya, haya si mazoezi tena," anakumbuka.

Kisha ikaja Jumamosi ya Juni ambayo Taib huisimulia polepole, akisita mara kwa mara.

Asubuhi hiyo alifika Tudor mapema. Ngowa alikuwa amerudi ndani kuchukua chupa ya maji na baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Taib, mwenye jicho la fundi, aliona mkato ubavuni mwa tairi la mbele, wa urefu wa ukucha, nyuzi za ndani zikichungulia. Ngowa aliposhuka, Taib hakusema kitu.

"Sikutaka aumie, Wallahi," anasema. "Nilisema moyoni, tairi likiisha pumzi leo atashuka kutia kiraka, nami nitampita. Nilitaka siku moja tu. Siku moja nitangulie mimi."

Tairi lilivumilia karibu kilomita kumi na tano. Lilipasuka kwenye mteremko wa kuingia Daraja la Mtwapa, Ngowa akiwa mbele kwa kasi. Taib aliona usukani ukipinda, kisha akaona mwenzake akiburuzika juu ya lami.

Ngowa alivunjika mfupa wa mtulinga, ule wa juu ya kifua, na kuchubuka shavu na kiwiko. Taib alimkalisha kando ya barabara, akasimamisha tuktuk, akampakata mpaka hospitali. Njiani Ngowa, akiuma meno kwa maumivu, alikuwa akimshukuru.

"Kila akisema ahsante, natamani nishuke," Taib anasema.

Daktari alimkataza Ngowa kupanda baiskeli kwa miezi mitatu. Wiki ya pili Taib alipokwenda kumjulia hali, Ngowa, mkono ukiwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa, alimwambia aichukue ile baiskeli aiendeshe, kwani chombo kikilala kinaharibika. Alikuwa ameshaitia tairi jipya.

Taib alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaichukua.

Jumanne iliyofuata aliipanda peke yake. Darajani alijihisi mwepesi kama wakati wa ujana wake. Barabara ya Malindi iliteleza chini yake. Aliona raha, anasema, na aliona haya, vyote kwa wakati mmoja, hata machozi yakamtoka.

Usukani ule una saa ndogo inayohifadhi muda na umbali. Kutoka Daraja la Nyali hadi Daraja la Mtwapa, Taib kwa baiskeli yake ya chuma hutumia dakika arobaini. Siku hiyo alitumia thelathini na sita. Akafurahi. Akabonyeza kitufe kutazama rekodi za Ngowa.

Ngowa alikuwa ametumia dakika thelathini na tatu.

Zaidi ya hayo, saa ilionyesha safari ambazo Taib hakuzijua. Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu, Alhamisi, wiki baada ya wiki. Ngowa alikuwa akienda peke yake, siku ambazo hawakuagana kutoka pamoja.

"Chombo ni kile kile, barabara ni ile ile, na bado alinizidi," Taib anasema. "Basi zile kilo zote nilizozipima hazikuwa na maana. Nikabaki na lile tairi peke yake. Sikuwa tena na kitu cha kulifunikia."

Siku mbili baadaye alipanda ngazi za Tudor, akaketi mbele ya Ngowa na kumweleza. Ngowa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliliona?" aliuliza.

"Niliona."

Ngowa akamwambia, kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, Bwana Taib."

Taib aliirudisha baiskeli imeoshwa, akaiacha kwa bawabu. Wiki tano zikapita bila simu. Jumamosi Taib hakutoka kabisa. Mwanaesha anasema alikuwa akiamka kuswali, kisha anakaa ukumbini amevaa nguo za baiskeli, mpaka jua linachomoza.

Ngowa ndiye aliyekuja. Alikuja kwa miguu mpaka Kuze, Alhamisi moja asubuhi, akaketi juu ya sanduku la mawe ya mizani. Mwandishi wa makala haya alipomtembelea nyumbani kwake, Ngowa alieleza kilichomleta.

"Nilikasirika sana, na sijalisahau lile tairi," alisema. "Mpaka leo nikiingia mteremko ule mikono inakaza breki. Lakini nilipokaa peke yangu niliona mimi naye hatuko mbali. Miaka ishirini na sita nimeutazama mgongo wake. Naijua kila fulana yake kwa nyuma. Hela za kustaafu zilipoingia, kitu cha kwanza nilichofikiria ni mgongo ule."

Alieleza kwamba aliinunua baiskeli mwezi Agosti, akaificha na kufanya mazoezi kwa siri kwa miezi mitano kabla Taib hajaiona.

"Na siku ile darajani, nilikuwa na nguvu za kuendelea," aliongeza. "Nilisimama makusudi. Nilitaka anikute nimesimama."

Hayo ndiyo aliyomwambia Taib karakanani. Hawakukumbatiana wala kulia. Walikunywa chai, muuza viungo mmoja akaleta mizani yake, Ngowa akamshikia Taib sahani ya shaba alipokuwa akiifunga. Walianza tena kuendesha Oktoba. Kabla hawajaondoka, sasa kila mmoja huinama na kukagua tairi za mwenzake, kwa vidole, polepole.

Na bado Ngowa yuko mbele.

Ndipo ikaja habari ya baiskeli ya Nyali. Taib alikwenda kuiona mara tatu. Mara ya tatu Mwanaesha alimuuliza swali moja tu: "Wataka baiskeli, ama wataka Ngowa arudi nyuma?"

"Nilitaka kumjibu baiskeli," Taib anasema. "Ulimi ulikataa. Ningesema urongo."

Lakini kwamba anahitaji baiskeli nyingine si uongo. Daktari aliyemtazama goti alimwambia aendelee kuendesha, ila kwa gia nyepesi. Ile ya kijani haina. Mpando wa daraja anaupanda akisukuma kwa nguvu za mwili mzima, na kila baada ya Jumamosi goti huvimba. Yule wa Nyali naye hakumficha: gia za ile ya kaboni ni nzito, za vijana wa mbio.

Adhuhuri inapita. Wateja wawili wanakuja na kuondoka. Saa tisa na nusu, Taib anafuta mikono kwa kitambaa, anatoa simu na kumpigia mtu wa Nyali. Anamsalimu kwa kirefu, anawaulizia watoto wake, kisha anamwambia ampe yule mnunuzi mwingine, Mungu aibariki.

Anakata simu. Anaitazama skrini.

"Imeniuma," anasema. "Sitakuambia haikuniuma."

Jumamosi hii atanunua nyingine aliyokuwa akiitazama pia, ya alumini, katika duka la mitumba karibu na Makupa. Bei ni shilingi elfu ishirini na nane. Usukani wake uko juu kidogo, tairi ni nene, na gia ya mwisho ni nyepesi kiasi cha kupanda ukuta. Ngowa amekwenda naye mara mbili kukagua fremu, akaigonga kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Haina sura," Taib anakiri. "Hakuna atakayegeuka kuitazama pale Mama Ngina."

Anapoulizwa kama wivu umekwisha, anacheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Anasema Jumanne iliyopita Ngowa alikuja na viatu vipya vya kuendeshea, vyeupe, vya kufunga kwa kifungo cha kuzungusha. Ngowa akamuuliza anavionaje.

"Nilivitazama mpaka nikafika Kongowea," anasema. "Pale ndipo nilipomwambia ni vizuri. Nilichelewa, lakini nilisema, na vilikuwa vizuri kweli."

Mwezi Disemba wawili hao wanakusudia kwenda Kilifi na kulala huko usiku mmoja kabla ya kurudi, safari ambayo hawajaifanya tangu mwaka 2009. Taib ameanza kulinyoosha goti kila jioni ukumbini, akihesabu kwa sauti, Mwanaesha akiendelea na kofia zake.

"Namuomba Mungu goti lifike," anasema, akivuta mizani nyingine miguuni pake. "Nikiwa wa pili, sawa. Bora lifike."